Tumbawe limejifunga: kutafuta chanzo kwenye tangi dogo la maji chumvi

Kabla hujamimina chochote kwenye tangi, pima joto na chumvi. Pima hata kama ulipima juzi, na hata kama unaamini umeshajua tatizo ni nini. Kwenye tangi la lita 40 hadi 80, hivyo viwili ndivyo vinavyoyumba upesi kuliko vyote, na ndivyo mtu anavyovisahau akishaanza kusoma habari za iodini na strontiamu.

Tumbawe halina njia nyingi za kulalamika. Linajifunga, linapauka, linageuka kahawia, linatoa ute, au nyama yake inaachana na mfupa. Sababu zinazoleta dalili hizo ni chungu nzima, kwa hiyo kulitazama tumbawe peke yake hakutakupa jibu. Swali lenye faida ni hili: nini kimebadilika? Wala usiulize ya leo tu. Tumbawe lililotikiswa na chumvi Jumatatu linaweza kuonekana zima hadi Alhamisi, ndipo linaanza kunywea, na wewe utakilaumu chakula ulichotia Jumatano. Weka daftari kando ya tangi: tarehe, joto, chumvi, alkali, na kila ulichoongeza, ulichotoa au ulichohamisha.

Namba ninazozifuata kwa tangi la nyumbani lenye matumbawe mchanganyiko ni hizi. Joto nyuzi 25 hadi 27. Chumvi 35 kwa elfu, yaani uzito linganifu wa karibu 1.026. Alkali, yaani akiba ya kaboneti iliyomo majini, 7.5 hadi 9 dKH (digrii zinazotumika kuipima). Kalsiamu miligramu 400 hadi 450 kwa lita, magnesiamu 1,250 hadi 1,350, nitrati 2 hadi 10, fosfati 0.03 hadi 0.1. Amonia na nitriti ziwe sifuri. Lakini tangi lenye chumvi 34 wiki nzima litakuza matumbawe vizuri kuliko lenye 35 leo, 37 keshokutwa na 33 Jumapili. Kinachoua kwenye tangi dogo, mara nyingi, ni kuyumba kwa namba, si namba yenyewe.

Yote yamejifunga kwa pamoja

Matumbawe ya aina tofauti, laini na ya mifupa, yakijifunga siku moja, chanzo kiko kwenye maji. Anza na chumvi.

Maji yakigeuka mvuke, chumvi hubaki nyuma. Tangi la lita 60 lenye feni juu yake linaweza kupoteza lita moja kwa siku wakati wa joto. Safiri siku tatu bila mtu wa kujazia: lita 3 zimekwenda na 35 imekuwa karibu 37. Ukirudi unaona maji yameshuka, unamimina lita 3 zisizo na chumvi kwa mkupuo mmoja, na matumbawe yanapigwa mara ya pili, safari hii kutoka upande wa pili. Kosa la ndugu yake ni kujazia kwa maji ya chumvi. Kilichovukizwa ni maji matupu, kwa hiyo kinachorudishwa ni maji matupu.

Bandika kipande cha utepe kwenye kioo kuonyesha kimo cha maji, na ujazie asubuhi na jioni hadi pale. Ukiweka boya la kujazia lenyewe, hakikisha chombo cha akiba ni kidogo. Boya hukwama. Likikwama na chombo cha lita 5, tangi la lita 60 litashuka hadi kama 32, jambo baya lakini la kuvumilika. Likikwama na pipa la lita 30, utazoa matumbawe na maji sakafuni.

Chumvi ikiwa imepanda polepole, ishushe polepole: isizidi alama moja kwa siku.

Kabla ya kuamini usomaji, kikague kipimo. Haidromita ya plastiki yenye mshale hudanganya povu dogo likishika kwenye mshale. Igonge taratibu povu liachie, na isuuze kwa maji safi kila ukimaliza. Refraktomita ni bora, ila kuiweka sawa kwa maji safi hakutoshi, kwa sababu nyingi ni sahihi kwenye sifuri na zimepotoka kwenye 35. Nunua maji ya kipimo ya 35, au tengeneza mwenyewe: gramu 36.5 za chumvi ya mezani iliyo kavu ndani ya gramu 963.5 za maji yaliyotoneshwa. Mchanganyiko huo husomeka 35 kwenye refraktomita ya maji ya bahari. Usiutie kwenye tangi. Ni wa kupimia tu.

Jambo la pili ni maji unayoyatumia kujazia na kuchanganyia chumvi. Maji ya bomba huja na klorini, na mara nyingi fosfati na silika, na pengine shaba kutoka kwenye mabomba na vali. Maji ya kisima karibu na pwani yana chumvi zake mwenyewe. Maji ya mvua yaliyopita kwenye bati yana zinki. Maji ya chupa ya dukani yametengenezwa kwa ajili ya kunywa na yana madini. Unachohitaji ni maji yaliyopita kwenye mashine ya RO (inayosukuma maji kupitia utando mwembamba) na kumalizwa na kichujio cha DI (kinachonasa madini yaliyobaki), yanayosoma sifuri au karibu na sifuri kwenye kipima TDS, yaani jumla ya vilivyoyeyuka majini. Mashine nyingi za RO za nyumbani zinazouzwa kwa maji ya kunywa hazina hatua ya DI, na baadhi hurudisha madini mwishoni ili maji yawe na ladha. Hatua hiyo ichomoe.

Walio pwani huuliza kwa nini wanunue chumvi wakati bahari iko mlangoni. Hamna ubaya, mradi ujue unachota wapi na lini. Chota maji yakiwa yamejaa wakati wa bamvua, mbali na bandari, mito na mikoko, na usichote wakati wa masika. Mvua kubwa hushusha chumvi ya maji ya ufukweni na kuleta tope na mbolea za mashambani. Chuja kwa kitambaa kizito, weka kwenye pipa la plastiki lenye mfuniko na pampu ndani, pima chumvi, ndipo utumie. Mimi napendelea chumvi ya ndoo kwa tangi lililo chini ya lita 50, kwa sababu kila mchoto wa baharini una tabia yake na tangi la udogo huo halisamehe.

Joto limepanda

Dar es Salaam, Tanga, Mombasa, Unguja: kuanzia Desemba hadi Machi, Kaskazi ikivuma, chumba kisicho na kiyoyozi hufika nyuzi 31 au 32 mchana, na tangi huzidi hapo kwa sababu pampu na taa nazo hutoa joto. Matumbawe huanza kunywea polepole kuanzia nyuzi 29, na zikifika 31 kwa siku kadhaa mfululizo utaanza kuona weupe.

Feni inayopuliza usoni mwa maji hushusha nyuzi 2 hadi 4 pale hewa ilipo kavu. Pwani hewa imejaa unyevu, hivyo tegemea 2, na ujue kwamba kila nyuzi iliyoshuka umeilipia kwa maji yaliyovukizwa: feni bila kujazia inakurudisha kwenye tatizo la chumvi. Njia nyingine isiyogharimu kitu ni kuhamisha saa za taa. Ziwake kuanzia saa moja jioni hadi saa tisa usiku, chumba kikiwa kimepoa. Matumbawe hayajui ni saa ngapi huko nje. Chupa ya barafu ni ya dharura tu. Ukiitumia kila mchana, joto litapanda na kushuka kama mawimbi. Kama mfuko unaruhusu, mashine ya kupooza maji ndiyo jibu la kweli.

Muscat na Dubai mambo ni kinyume: kiyoyozi kinawaka mwaka mzima na tangi limetulia, hadi siku familia inaposafiri na kukizima. Na chumba kilichofungwa na kiyoyozi hujaa kaboni dayoksaidi ya pumzi za watu, pH ya tangi ikashuka hadi 7.8. Hiyo usiitibu kwa dawa. Fungua dirisha.

Nairobi na Arusha, hasa Julai, unahitaji hita, na hita huharibika kwa namna mbili. Ikifa, maji yanapoa polepole na una muda wa kugundua. Ikikwama ikiwaka, tangi linachemka usiku mmoja. Nunua hita yenye nguvu ndogo kuliko unayoshawishiwa dukani, kisha uiunganishe kupitia kidhibiti joto cha pembeni.

Rangi inapotea

Tumbawe hupauka linapoupoteza mwani mdogo unaoishi ndani ya nyama yake, zuzanthela, unaolipa rangi na sehemu kubwa ya chakula chake. Ndicho kilichotokea mwaka 1998, El Niño ilipopandisha joto la Bahari ya Hindi na miamba ya Kenya na Tanzania ikapauka kwa wingi. Baharini huanza pale joto linapozidi kiwango cha kawaida cha msimu wa joto kwa nyuzi moja tu, likikaa hivyo wiki kadhaa.

Kwenye tangi, joto ni mshukiwa mmoja kati ya watatu, na weupe wenyewe unakuambia yupi.

Ukiona sehemu ya juu inayotazama taa ni nyeupe na ya chini iliyo kivulini bado ina rangi, ni mwanga. Umebadilisha taa, umesafisha kioo cha kinga kilichokuwa na vumbi la chumvi, au umelihamishia juu tumbawe lililozoea chini. Taa mpya ya LED ianze kwa nusu ya nguvu na ipandishwe kidogo kila wiki. Kwa matumbawe laini na yale yenye polipu kubwa (polipu ni kile kiumbe kidogo chenye mdomo na minyiri), PAR, yaani kipimo cha mwanga unaotumiwa na mwani, ya 50 hadi 150 yatosha. Acropora, tumbawe la mifupa lenye matawi, na jamaa zake wanataka 200 hadi 350, na mgeni wa kazi hii asianze nao.

Ukiona tumbawe zima limefifia, na majirani zake nao, rudi kwenye joto.

Ukiona yote yanafifia taratibu kwa wiki nyingi, ukuaji umesimama, na vioo vya tangi ni visafi ajabu kiasi kwamba husugui mwani, tangi lina njaa. Pima nitrati na fosfati: utakuta sifuri. Watu huifurahia sifuri hiyo, kumbe ndiyo tatizo. Ondoa dawa ya kunyonya fosfati, punguza saa za skima (mashine inayotoa uchafu kwa povu), lishe samaki zaidi.

Tumbawe lililopauka halijafa. Tazama kwa tochi usiku: nyama angavu kama kioo na minyiri iliyochomoza maana yake lipo hai, linaishi kwa akiba. Mfupa mtupu wenye vishimo vikali, unaoanza kuota ukungu wa kijani baada ya siku chache, huo umekwisha. Lililo hai lishushe penye mwanga hafifu, na ulilishe jioni, mara mbili kwa wiki, kwa vichanga vya artemia (jamii ya kamba wadogo mno) au chakula kingine cha punje ndogo, pampu zikiwa zimezimwa kwa dakika 15. Rangi hurudi kwa wiki au miezi.

Tumbawe likigeuka kahawia, hadithi ni kinyume: mwanga ni mdogo au virutubisho ni vingi, na mwani wa ndani umezidi. Si ugonjwa. Ni sura tu, na usipoipenda una wiki nyingi za kurekebisha bila haraka.

Nyama inaachana na mfupa kuanzia chini

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Euphyllia, tumbawe la mifupa lenye polipu kubwa, inaonyesha ukingo mweupe wa mfupa chini ya nyama; Acropora inabanduka ngozi kuanzia shinani, au ncha zake zinakuwa nyeupe kana kwamba zimechomwa. Kama chumvi na joto ni sawa, shika kipimo cha alkali.

Matumbawe ya mifupa hujenga kalsiamu kaboneti, hivyo hula alkali na kalsiamu kwa pamoja. Kila dKH 2.8 ya alkali inayoliwa huenda na miligramu 20 hivi za kalsiamu kwa lita. Tazama ukubwa wa namba hizo: kwenye akiba ya kalsiamu ya 420, ishirini ni kidogo, lakini alkali ikitoka 8 kwenda 5.2 tumbawe linateseka. Ndiyo maana alkali hupimwa kila baada ya siku mbili tatu na kalsiamu mara moja kwa wiki. Pima saa ile ile kila mara, na angalia tarehe ya mwisho ya dawa za kipimo, maana dawa zilizopitwa na wakati husoma vibaya bila kukuonyesha dalili yoyote.

Sasa, alkali iliyoshuka huua polepole. Inayopandishwa ghafla huua haraka. Mtu anapima, anakuta 6, anashtuka, anarudisha hadi 9 jioni hiyo hiyo, na kesho yake nyama inamwagika. Usizidishe dKH 1 kwa siku, na kama una Acropora, nusu yake. Kwa tangi la lita 60, gramu 1 ya sodiamu baikaboneti safi hupandisha alkali kwa takriban 0.56 dKH, iyeyushe kwanza kwenye maji ya RO, kisha mimina taratibu penye mkondo wa maji. Baikaboneti ninayoisema ni ile soda safi ya kuokea. Magadi ya kulainishia maharage hayafai: ni mchanganyiko wa chumvi nyingi, fluoridi ikiwemo. Wala baking powda haifai, imetiwa asidi na wanga.

Kupanda kwa ghafla kuna mlango mwingine ambao wengi hawaulindi: kubadilisha maji. Chumvi za ndoo hazifanani. Zipo zinazotoa 7 au 8 dKH zikichanganywa hadi 35, na zipo za 11 au 12. Tangi lako likiwa na 7, ukabadilisha asilimia 30 kwa maji ya 12, umefika 8.5 ndani ya nusu saa. Mwenye tangi anasema, "Nimewabadilishia maji masafi, na ndipo wakaanza kufa," na anasema kweli. Pima alkali ya maji mapya ukiwa bado nayo kwenye ndoo. Badilisha asilimia 10 kwa wiki, na usihame aina ya chumvi kwa ndoo nzima siku moja.

Ncha zilizoungua nyeupe mara nyingi hutokea alkali ikiwa juu, 10 au 11, huku nitrati na fosfati zikiwa karibu na sifuri. Shusha alkali au lishe zaidi, si lazima vyote.

Ukiongeza kalsiamu na alkali, uzitenganishe kwa saa kadhaa na uzimimine sehemu tofauti. Zikikutana zikiwa nzito hutengeneza wingu jeupe, ambalo ni chokaa uliyoilipia ikitua kwenye pampu zako. Na kama namba hazipandi kila ukiongeza, pima magnesiamu: ikiwa chini ya 1,200, kalsiamu na alkali hazikai majini.

Sheria yangu ni fupi: usitie kwenye tangi kitu usichokuwa na kipimo chake. Kwa tangi dogo lenye matumbawe laini na Euphyllia mbili tatu, kubadilisha maji kila wiki hurudisha karibu kila kitu, na zile chupa kumi za rangi rangi kwenye rafu ya duka ni za kumfurahisha mwenye duka.

Ute wa kahawia kwenye Euphyllia

Hii haisubiri kesho. Ukiona uji wa kahawia unaoning'inia kwenye kichwa cha Euphyllia, wenye harufu mbaya ukiutoa nje, nyama inaliwa na vijidudu na huenda ikaisha ndani ya siku moja au mbili, kisha uji ukapeperuka hadi kwa jirani. Zima pampu kwanza ili usisambae. Unyonye kwa mpira mwembamba au bomba la sindano, utoe tumbawe, ulisuuze ndani ya bakuli la maji ya tangi, ukate kichwa kilichooza hadi kwenye mfupa safi, kisha uliogeshe kwa dawa ya matumbawe yenye iodini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Maji ya bakuli usiyarudishe. Mara nyingi huanzia penye jeraha, kwa hiyo tafuta lililolijeruhi: mkondo wa pampu unaolipiga upande mmoja, jiwe lililoangukia, au usafiri.

Moja tu ndilo limejifunga

Maji ni mazima, basi; tatizo liko mahali hapo lilipo tumbawe. Uyoga wa ngozi, tumbawe laini liitwalo Sarcophyton, hujifunga kwa siku kadhaa, hata wiki mbili, ukavaa utando unaong'aa kama nta, kisha ukauvua. Ni kawaida yake. Ongeza mkondo kidogo uondoke. Tumbawe jipya nalo lipe wiki.

Kama si hayo, kaa kimya mbele ya tangi kwa nusu saa, kisha rudi usiku na tochi yenye mwanga mwekundu. Utaona samaki malaika mdogo akidonoa, kaa akitembea juu ya polipu, samaki klauni aliyeamua kulala ndani ya tumbawe lisilomtaka. Utaona pia vita. Galaxea, tumbawe la mifupa, hutoa usiku minyiri mirefu ya kuchoma inayofika sentimita nyingi kuliko unavyodhani, na jirani huamka na doa jeupe. Wape nafasi ya sentimita 15 angalau. Matumbawe laini hupigana kwa kemikali majini, na hapo kuhamisha hakusaidii. Weka mfuko wa mkaa wa kuchujia na uubadilishe kila mwezi.

Utando, nyuzi na mwani

Vumbi la kahawia kwenye mchanga wa tangi jipya ni diatomu. Litaondoka lenyewe silika ikiisha. Utando mwekundu unaobanduka kama ngozi ni sainobakteria: unyonye, ongeza mkondo pale ulipo, punguza chakula kinachozama bila kuliwa. Nywele za kijani zinataka kung'olewa kwa mkono na konokono wa kutosha, na fosfati ishushwe taratibu, kwa sababu dawa ya kunyonya fosfati ikitiwa nyingi kwa mara moja hupausha matumbawe.

Usichanganye hayo na dinoflagelati: nyuzi za kahawia zenye kamasi, zenye mapovu kwenye ncha, zinazopungua usiku na kurudi mchana. Hizo huja hasa pale nitrati na fosfati zilipo sifuri. Kila unavyosafisha na kubadilisha maji zinashamiri. Acha kubadilisha maji kwa muda, pandisha virutubisho hadi vipimike, na uwe mvumilivu.

Wageni waliokuja na jiwe

Aiptasia, ua la bahari dogo la kahawia lenye minyiri myembamba, huchoma matumbawe na kuzaana kutokana na kipande chochote kinachobaki. Kwa hiyo usilikwangue. Lidunge kwa sindano uji mzito wa kalsiamu haidroksaidi ya daraja la chakula, si chokaa ya kupakia ukuta, na usidunge zaidi ya mawili matatu kwa siku maana pH hupanda. Kamba wadogo wa Lysmata wurdemanni hula madogo. Minyoo yenye manyoya ya kuchoma, inayowatisha watu, ni wafagiaji. Waache, ila vaa glavu.

Kila kipande kipya kiogeshwe kwenye dawa kabla ya kuingia, na mguu wake ukaguliwe mayai. Nunua vipande vilivyokuzwa kwenye matangi. Kuvunja miamba ndani ya hifadhi kama Watamu, Malindi au Mafia ni kosa, na matumbawe mawe yote yako kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hivyo kuvuka nayo mpaka kunataka kibali hata yakiwa ya ukubwa wa kidole.

Onyo moja nalitoa kwa msisitizo. Zoanthus na hasa Palythoa, zile polipu nzuri kama vifungo, baadhi zina palitoksini, miongoni mwa sumu kali kabisa zitokanazo na viumbe. Usichemshe jiwe lenye polipu hizo, usilimwagie maji ya moto, usilisugue nje ya maji. Mvuke wake umelaza familia nzima hospitali. Unapokata, vaa glavu na miwani ya kinga. Ukihisi ladha ya chuma mdomoni, misuli kuuma au pumzi kubana, toka na watu wote chumbani, nenda hospitali na umtajie daktari palitoksini kwa jina.

Yamelala mazima, yameamka yamekwisha

Kama kamba na kaa wamekufa kwanza, fikiria sumu. Dawa ya mbu ya kupuliza ndiyo ya kwanza kuulizia nyumbani kwetu: piretroidi zilizomo huua jamii ya kamba kwa kiasi kidogo mno, na pampu ya hewa huinyonya moja kwa moja hadi majini. Waambie wote nyumbani, na dada wa kazi pia, kwamba chumba cha tangi hakipulizwi. Baada ya hapo shuku shaba: dawa ya samaki wenye madoa meupe, kiungo cha shaba nyeupe kwenye bomba, au tangi la mtumba lililowahi kutibiwa samaki.

Kama samaki wanahema juu ya maji, ni hewa. Umeme ukikatika, matumbawe huvumilia saa kadhaa zaidi kuliko samaki, ila tangi lenye samaki wengi halifiki asubuhi. Betri ya 12V 7Ah, ile ya kengele za ulinzi, huendesha pampu ndogo ya wati 5 ya 12V kwa saa 6 hadi 8 bila kuiua betri. Taa na hita hazina haja. Usipokuwa nayo, chota maji kwa jagi na kuyamimina kutoka juu, kila dakika 10.

Kwa vyovyote, toa kwanza kila kilichokufa, konokono wakiwemo. Mzoga mmoja hutosha kupandisha amonia kwenye lita 40. Weka mkaa mpya. Badilisha asilimia 30 hadi 50 ya maji, yenye joto, chumvi na alkali sawa na ya tangi, kisha pima amonia asubuhi na jioni kwa siku tatu. Mifupa iliyobaki wazi usiitupe mapema: mara nyingine, wiki kadhaa baadaye, polipu moja huchomoza ubavuni mwa Euphyllia uliyokwisha kuiandika kwenye daftari kuwa imekufa.